Kazi ya Kwanza ya Muuguzi Mpakani



Kila mara matokeo ya mitihani ya wauguzi na wakunga yatangazwapo, zipo nyumba nyingi katika laini za askari ambamo shangwe hudumu siku mbili tatu, kisha nafasi yake huchukuliwa na majadiliano mazito. Mtoto amefuzu. Karo iliyokuwa ikitoka katika mshahara wa baba kwa miaka miwili na nusu ya cheti, au mitatu ya stashahada, imezaa matunda. Swali lililobaki ni moja: aende kufanya kazi wapi?

Wengi hulichukua swali hilo kuwa jepesi. Husema kwamba kazi ni kazi, na ya kwanza kufika ndiyo ya kushikwa. Lakini askari angepaswa kuwa mtu wa kwanza kulitilia shaka jawabu hilo, kwa maana anajua ya kwamba kuruta aliyemaliza kwata jana hapelekwi peke yake kulinda daraja usiku, bila koplo na bila redio. Hata kama bunduki yake ni mpya, hapelekwi.

Na uchukuliwe mfano wa binti mmoja wa gombolola la Bulumbi, katika wilaya ya Busia. Huyu si mtu fulani ajulikanaye. Ni mfano, ila walio kama yeye ni wengi. Baba yake ni sajini aliye mbali na nyumbani. Binti amepata cheti cha uuguzi, na mezani pake pana mambo matatu. Tume ya Utumishi ya Wilaya imetangaza nafasi katika vituo vya afya vya magombolola, naye ameitwa kwenye usaili. Hospitali ya misheni upande wa Tororo inamtaka aanze mwezi ujao. Mwenye kliniki mmoja katika mji wa Busia anamtaka kesho asubuhi. Mama yake amesikia kwamba jeshi linaandikisha wenye taaluma. Mjomba wake, aliye ng'ambo ya mpaka, ametuma salamu kwamba huko Kenya shilingi ina nguvu zaidi. Sajini anapiga simu kila jioni na kuuliza: "Mwanangu, umeamua nini?"

Kabla ya kuamua, lazima kijulikane kile alichonacho mkononi. Cheti cha shule peke yake hakimruhusu kugusa mgonjwa. Kwa Sheria ya Wauguzi na Wakunga ya mwaka 1996, ni lazima aandikishwe na Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uganda, kisha awe na leseni ya kufanyia kazi, ambayo huhuishwa kwa kipindi maalumu. Mwajiri yeyote asemaye, "Anza tu, hayo ya leseni tutayaona baadaye," amekwisha kujieleza ni mwajiri wa namna gani. Mambo yakiharibika usiku wa manane, atakayeulizwa na polisi ni yule aliyeshika sindano.

Sasa nchi yenyewe. Eneo la Tororo na Busia ni miongoni mwa maeneo ambayo malaria imeyatesa kupita kiasi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walihesabu katika Tororo wastani wa kuumwa na mbu wenye vimelea vya malaria mara 562 kwa mtu mmoja kwa mwaka, yaani zaidi ya mara moja kila usiku. Upuliziaji wa dawa majumbani ulioanza Tororo mwishoni mwa mwaka 2014 uliyapunguza mateso hayo kwa kiasi kikubwa, ingawa kuanzia mwaka 2020 malaria ilipanda tena. Juu ya hayo kuna barabara kuu ya malori yaendayo Kampala, Kigali na Juba, kuna wachimbaji wadogo wa dhahabu huko Tiira pamoja na zebaki yao, na kuna ajali za bodaboda, chombo ambacho jina lake lenyewe lilizaliwa hapo hapo Busia, pale waendesha baiskeli walipokuwa wakivusha abiria kutoka kizuizi kimoja cha mpaka hadi kingine. Muuguzi wa eneo hili hatakosa kazi ya kufanya. Hofu ni kwamba kazi itamkuta kabla hajawa tayari.

Kituo cha afya cha daraja la tatu, ambacho ndicho kiwango cha gombolola kama Bulumbi, kimewekwa kuhudumia watu wapatao 20,000. Kwa mpango wa serikali, kituo hicho huongozwa na afisa wa tiba, si daktari, na kina chumba cha wazazi, maabara ndogo na vitanda vichache. Damu ya kuongezea wagonjwa haipo. Chumba cha upasuaji hakipo. Hayo yamewekwa katika daraja la nne, na katika hospitali kama ile ya Masafu au ya Tororo. Kwa karatasi, watumishi wa daraja la tatu hutosha. Lakini nafasi ikikosa mtu, au mmoja akiwa likizoni na mwingine ameitwa kwenye semina, usiku hubaki muuguzi mmoja na mlinzi wa lango.

Na usiku huo ndio unaostahili kutazamwa kwa makini. Analetwa mtoto wa miaka miwili, mweupe viganjani na kwenye kope, anapumua kwa shida. Ni malaria kali iliyomla damu. Muuguzi anapaswa kumdunga dawa ya artesunate, kupima sukari yake, na kuamua papo hapo kwamba huyu haponi hapa, lazima apelekwe kwenye damu. Wakati anatafuta gari, mama mmoja aliyejifungua saa moja iliyopita anaanza kuvuja damu. Ipo dawa ya oksitosini ya kuizuia, nayo hutaka kutunzwa katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na jokofu limelala bila umeme tangu asubuhi. Je, dawa hiyo bado ina nguvu? Nani atamjibu? Aliyefanya kazi miaka mitano katika wodi ya wazazi mikono yake hutangulia akili: anasugua tumbo la uzazi, anaweka dripu, anaita watu, anatuma mtu barabarani. Aliyetoka shuleni mwezi uliopita anayajua yote hayo, kwa kuwa aliyaandika katika mtihani na akapata alama nzuri, lakini anasimama kwanza. Na mama anayevuja damu hana dakika nyingi za kungoja.

Jambo hili si la Bulumbi peke yake, wala si la Afrika peke yake. Mwaka 1974 mwalimu wa uuguzi wa Marekani, Marlene Kramer, alitoa kitabu kizima juu ya mshtuko unaowapata wauguzi wapya wanapokuta kwamba wodi si darasa. Miaka kumi baadaye mwenzake, Patricia Benner, akaeleza hatua tano ambazo muuguzi huzipanda, kutoka mgeni wa kazi hadi bingwa. La kuwavutia wasikilizaji wa vikosi ni hili: ngazi hizo tano Benner hakuzibuni mwenyewe. Alizichukua kwa ndugu wawili wa Chuo Kikuu cha California, Hubert na Stuart Dreyfus, ambao mwaka 1980 waliandika taarifa kwa ajili ya Jeshi la Anga la Marekani juu ya jinsi rubani anavyopata ujuzi. Waliona kwamba mgeni hufuata kanuni moja moja kama alivyofundishwa. Bingwa huiona hali nzima kwa mara moja. Na hakuna rubani aliyevuka kutoka kanuni hadi kuona pasipo kuketi kando ya mtu aliyekwisha kuvuka.

Kwa hiyo swali la kwanza la binti wa Bulumbi lisiwe la mshahara. Liwe hili: katika mahali hapa, ni nani atakayesimama kando yangu usiku?

Hospitali za misheni zina jibu zuri kwa swali hilo. Ile ya Mtakatifu Antoni mjini Tororo na ile ya Dabani katika wilaya ya Busia, zote za Kanisa Katoliki, ni hospitali zenye wodi, zamu na wakubwa wa zamu. Katika hospitali ya namna hiyo mgeni hupita wodi ya watoto, ya wazazi, ya upasuaji, na makosa yake huonwa na kusahihishwa kabla hayajawa msiba. Utaratibu huo ni wa zamani nchini. Huko Mengo, Katharine Timpson, aliyekuja mwaka 1897 na baadaye akaolewa na daktari Albert Cook, alianza kufundisha wauguzi kando ya vitanda vya wagonjwa. Huko Nsambya, Mama Kevin alifanya vivyo hivyo. Fikra zao zilikuwa kwamba uuguzi hushikwa kwa kutazama mkono wa mwingine.

Upungufu wa misheni ni wa fedha. Hospitali hizi huishi kwa ada za wagonjwa, misaada na ruzuku ya serikali. Serikali ilipoondoa ada katika vituo vyake mwezi Machi 2001, wagonjwa wengi walimiminika huko. Na ilipopandisha mishahara ya watumishi wa sayansi, wakiwamo wa afya, katika mwaka wa fedha wa 2022/2023, pengo kati ya muuguzi wa serikali na wa misheni lilizidi kupanuka. Matokeo yake ni kwamba wauguzi hujifunza misheni kisha huhamia serikalini mara tu jina linapotokea kwenye orodha. Viongozi wa hospitali hizo hulalamika, na wana haki ya kulalamika. Hata hivyo kijana asilaumiwe. Aliyefanya kazi kwa uaminifu miaka miwili kwa mshahara mdogo, akaaga kwa barua na kukabidhi zamu yake, hajamwibia mtu.

Kuhusu kliniki ya mjini, maneno hayahitaji kuwa mengi. Zipo kliniki safi zinazoongozwa na wataalamu. Lakini zipo nyingine ambazo, kwa kweli, ni duka la dawa lenye kitanda. Humo muuguzi mpya hupewa koti jeupe ili mteja aamini, kisha hufundishwa kuuza. Anayeumwa kichwa huuziwa sindano, anayeharisha huuziwa dripu, na jioni mwenye duka huhesabu fedha. Miaka miwili ya namna hiyo haimwachi muuguzi pale alipokuwa. Humrudisha nyuma, maana mkono huzoea lisilo sawa. Na kama mwenye kliniki hatoi barua ya ajira wala hamwandikishi katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, avunja sheria, kwani tangu marekebisho ya mwaka 2022 kila mwajiri, hata wa mtu mmoja, anawajibika kutoa asilimia 10 juu ya asilimia 5 ya mfanyakazi.

Kuna njia ambayo kwa miaka mingi ilionekana kuwa bora kupita zote, nayo ni miradi. Tororo ilikuwa mahali mashuhuri kwa kazi hiyo. Shirika la TASO, lililoanzishwa mwaka 1987 na akina Noerine Kaleeba, lina tawi huko, na ni kutoka Tororo ambako kuanzia mwaka 2003 dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zilipelekwa majumbani kwa wagonjwa vijijini, jambo ambalo wengi duniani walidhani haliwezekani Afrika. Wauguzi waliopitia kazi hizo walijifunza mengi na walilipwa vizuri. Lakini tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kabla ya mwaka huo kwisha shirika lake la misaada lilikuwa limefungwa. Watumishi wa afya waliokuwa na mikataba ya miradi, katika Uganda na Kenya, walijikuta nje kwa muda wa majuma machache. Kazi ya mradi si mbaya. Ila mwenye kuipokea aulize fedha zatoka wapi na zakwisha lini, na asiikopee nyumba.

Na jeshi? Hospitali ya kijeshi ya Rubongi iko hapo hapo Tororo, na wasikilizaji wengi wa mazungumzo haya wamelazwa humo au wamewapeleka wake zao kujifungua. Hospitali za jeshi hutibu askari, familia zao na hata raia wa jirani. Zina wakubwa wa zamu, zina nidhamu, na cheo kina maana. Historia nayo ipo: wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Kikosi cha Tiba cha Afrika Mashariki kilifundisha vijana wengi kufunga majeraha na kutunza wagonjwa, na baadhi yao walirudi vijijini wakawa madresa wa zahanati. Lakini baba asimfiche mwanawe ukweli. Muuguzi wa jeshi ni askari kwanza. Atapita mafunzo ya kuruta kama wengine, atakwenda anakotumwa, na hawezi kuacha kazi kwa kuandika barua ya mwezi mmoja kama afanyavyo raia. Kwa mwenye wito huo ni njia nzuri. Kwa binti anayeingia kwa sababu tu baba ni sajini, ni mzigo wa miaka mingi, na wodi itaujua huzuni wake.

Mjomba wa ng'ambo naye ajibiwe kwa heshima. Ni kweli kwamba tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa Busia mwezi Februari 2018, kuvuka kumekuwa kwepesi. Lakini leseni haivuki pamoja na mtu. Muuguzi wa Uganda hawezi kufanya kazi Kenya mpaka akubaliwe na kuandikishwa na Baraza la Wauguzi la Kenya. Tena, tangu mwaka 2013 huduma za afya za Kenya ziko chini ya kaunti, na ajira hupitia bodi za kaunti, ambazo zina wauguzi wao wenyewe waliofuzu na wangali wakingoja. Mwezi Julai 2021 Kenya ilitia sahihi mkataba na Uingereza wa kupeleka huko watumishi wa afya wasiopata kazi. Na wale walioajiriwa waligoma kuanzia Juni hadi Novemba mwaka 2017 kwa ajili ya malipo yao. Hakuna asali inayotiririka upande wowote wa kizuizi.

Yabaki sasa lile gumu, nalo haliwezi kupitwa kando. Ikiwa kila muuguzi mpya atashauriwa aende kwanza kwenye hospitali kubwa akajifunze, Bulumbi atabaki nani? Watu wa gombolola hilo hawawezi kungoja miaka miwili ili muuguzi wao akomae. Mke wa askari aliyebaki kijijini kutunza shamba la mihogo na wimbi, wakati mumewe yuko zamu kilometa mia kadhaa mbali, ndiye atakayeletwa usiku kwa bodaboda akiwa na uchungu. Hapa faida ya binti na faida ya mama huyo huonekana kupingana.

Lakini kwa kweli hazipingani, ikiwa wilaya itafanya sehemu yake. Kosa la kumpeleka mgeni kituoni liko pale anapopelekwa peke yake. Kituo cha gombolola chenye mkunga mzoefu ni shule nzuri kuliko wodi kubwa ambamo mgeni hupotea kati ya vitanda. Palipo na mkunga aliyezalisha akina mama kwa miaka kumi na mitano, nyumba ya mtumishi karibu na kituo, simu inayofanya kazi na gari la wagonjwa lenye mafuta, binti wa Bulumbi aende Bulumbi, tena aende bila kusita. Anaijua lugha ya Kisamia, anajua nani ni nani, na mama wa kijiji humwambia yeye maneno ambayo hawezi kumwambia mgeni. Mshahara wa serikali una malipo ya uzeeni. Palipo na kituo kitupu na jokofu bovu, basi aombe kwanza hospitali, na wakubwa wa wilaya wasishangae kwamba nafasi hutangazwa mara kwa mara bila kupata mtu.

Ndiyo sababu kwenye usaili haifai yeye ajibu tu. Wajumbe wa Tume wakimaliza maswali yao, aulize yake, kwa adabu: kituo kina watumishi wangapi waliopo kazini hasa, si kwa karatasi? Mkunga yuko? Usiku mkubwa wake anapatikana kwa njia gani? Jina lake litaingia kwenye orodha ya malipo lini? Swali hili la mwisho ni la lazima, kwa kuwa watumishi wapya wa serikali mara nyingine hukaa miezi kabla ya mshahara wa kwanza, na binti asiye na chakula wala kodi ya chumba hukimbilia ile kliniki yenye kitanda kimoja baada ya saa za kazi. Hapo msaada wa baba ni wa maana kuliko ushauri wake. Sajini aliyelipa karo miaka miwili na nusu huona kwamba amemaliza, kumbe imebaki miezi mitatu au minne.

Binti naye akienda kuangalia kituo kabla ya kutia sahihi, asiende mchana tu. Afike jioni, wakati wa kukabidhiana zamu, akae kwenye benchi la wagonjwa, ahesabu ni watumishi wangapi wanaoingia.